Sindano Moja, na Wasichana Waliorudi Kliniki

Shule ilipotuma tangazo la chanjo ya HPV, ile inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, nilijiandaa kwa vita vya siku zote. Chanjo inafunga kizazi. Chanjo inawafundisha watoto uhuni. Mzungu ana lake. Nilikuwa nimeshatia simu chaji, nangoja.

Vita vilikuja, ila kwa mlango mwingine. Mama mmoja ninayemheshimu sana, yule ambaye mkutanoni huuliza pesa za basi zimeenda wapi mpaka mwalimu mkuu anavua miwani, aliandika hivi: "Mimi sipingi chanjo. Dadake mkubwa alidungwa mara mbili. Ng'ambo walikuwa wakidungwa mara tatu. Huyu wangu mdogo anaambiwa moja inatosha. Imeanza kutosha lini?" Baba mmoja akamjibu upesi: "Wafadhili wamekaza mkono, dadangu. Tunapewa makombo." Vikatuni vya kucheka vikamiminika, na mjadala ukafia hapo kama mijadala yetu yote inavyofia.

Swali la yule mama lilistahili jibu la maana zaidi. Na jibu lenyewe halikutoka Geneva wala London. Lilitoka Thika, Kisumu na hapa hapa Nairobi, kwa wasichana ambao leo wote wamevuka miaka ishirini, tunabanana nao kwenye matatu kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kuwapigia makofi. Mimi si daktari. Nilifanya kazi ya maabara kabla sijaingia biashara, kwa hiyo naweza kusoma jedwali la utafiti bila kutokwa na jasho. Nimelisoma hili, na nimeona si haki likae kwenye majarida ya madaktari wakati wazazi wanaambiana habari za makombo.

Ugonjwa wenyewe nitaupitia haraka, maana wengi wetu tunaujua kwa kuuguza. Saratani ya mlango wa kizazi huua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya kila mwaka. Karibu yote husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana na ambavyo watu wengi huvipata wakati fulani maishani. Kwa kawaida mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Shida ni vile vinavyogoma kutoka. Aina mbili peke yake, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walizitambua mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wataalamu wengi wakishuku virusi vingine kabisa, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Kutoka maambukizi mpaka saratani hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye HIV ambaye hajatibiwa, huenda ikawa miaka 5 hadi 10 tu. Shika hiyo miaka akilini, kwa sababu ndiyo iliyowasumbua watafiti.

Chanjo haina virusi ndani yake. Mwaka 1991, huko Brisbane nchini Australia, Ian Frazer na Jian Zhou walifanikiwa kuzifanya protini za gamba la virusi hivi zijipange zenyewe maabara mpaka zikawa gamba tupu. Nakala 360 za protini moja, iitwayo L1, hushikana zikatengeneza kitu ambacho kwa nje hakitofautiani na kirusi, lakini ndani hamna vinasaba vyovyote vya kuambukiza. Ni bodi ya matatu iliyokamilika, rangi, taa, michoro na spika, ila haina injini. Haiendi popote. Lakini ukishaizoea sura yake, siku ile yenye injini ikijileta stejini utaitambua kabla haijasimama. Zhou alifariki mwaka 1999, miaka saba kabla chanjo ya kwanza ya aina hii haijaidhinishwa mwaka 2006. Mambo ya sayansi mara nyingi huwa hivyo. Aliyepanda siye anayevuna.

Ilipoanza kutolewa, ilitolewa mara tatu. Hapa ndipo watu wanapodhani wataalamu walikaa wakapima wakaona tatu ndiyo idadi sahihi. La. Ratiba ilifuata mazoea ya chanjo za protini kama ile ya homa ya ini ya B, ambayo hutolewa mara tatu. Jaribio likafanywa kwa dozi tatu, likafaulu vizuri mno, na dozi tatu zikaidhinishwa. Hakuna aliyekuwa ameuliza kama mbili zingetosha, sembuse moja. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishusha idadi hadi mbili kwa wasichana walio chini ya miaka 15, baada ya kuonekana kwamba damu za watoto hao zinaitikia kwa nguvu kuliko za watu wazima.

Swali la dozi moja liliulizwa na watu ambao hata hawakujua wanauliza. Huko Costa Rica, katika jimbo la Guanacaste, wanawake 7,466 wa umri wa miaka 18 hadi 25 waliandikishwa kwenye jaribio kuanzia mwaka 2004. Takriban mmoja kati ya watano hakumaliza dozi zote. Wengine walipata mimba, wengine walipelekwa kuchunguzwa zaidi, wengine hawakuja tu. Kwa mtafiti wa kawaida hao ni hasara, ni mashimo kwenye daftari. Lakini mwaka 2011 watafiti walipowatazama waliodungwa mara moja tu, waliona jambo la ajabu: walikuwa wamekingwa sawasawa na waliomaliza. Walipowatazama tena baada ya miaka 11, kinga ilikuwa bado imesimama.

India nako mambo yaliharibika kwa njia yake. Mwaka 2010 serikali ilisimamisha majaribio yote ya chanjo ya HPV, na jaribio moja kubwa lililolenga kulinganisha dozi mbili na tatu likakatika katikati. Wasichana karibu 5,000 wakabaki na dozi moja bila mtu yeyote kupanga iwe hivyo. Miaka kumi baadaye kinga yao dhidi ya maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18 ilipimwa ikakutwa ni zaidi ya asilimia 95.

Sasa, mtu mkali wa takwimu hapo hatulii, na ana haki. Aliyekosa dozi ya pili huenda anatofautiana na aliyerudi. Pengine ameolewa mapema na ana mpenzi mmoja tu. Pengine amehamia kijijini ambako virusi havizunguki sana. Pengine kilichomlinda ni maisha yake, na chanjo inapewa sifa isiyo yake. Huwezi kubadilisha sera ya dunia nzima kwa kuwategemea watoro. Inabidi uwachukue watu, uwagawe kwa bahati nasibu, mmoja apate hii na mwingine ile bila kujua, kisha uwafuatilie. Na uwafuatilie mahali ambako virusi vipo kweli kweli, siyo mahali ambapo utakaa miaka ishirini ukingoja mtu mmoja aambukizwe.

Ndipo inapoingia Kenya. Jaribio liliitwa KEN SHE, likiongozwa na Ruanne Barnabas, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, pamoja na Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, daktari wetu wa hapa ambaye ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye utafiti wa afya ya wanawake. Uandikishaji ulianza Desemba 2018. Wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walijitokeza Thika, Nairobi na Kisumu. Wakagawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza, 758, lilipata chanjo inayokinga aina tisa za HPV. La pili, 760, ile ya aina mbili. La tatu, 757, lilidungwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Napenda kusisitiza hilo la tatu, kwa sababu kwenye kundi letu kuna mtu huwa hachoki kuandika kwamba majaribio ni kudunga watu maji. Waliolinganishwa walipata chanjo halali ya ugonjwa mwingine, na mpango tangu mwanzo ulikuwa kwamba baadaye nao wapewe ya HPV, na wale wengine wapewe ya uti wa mgongo.

Sasa hebu tujiweke mahali pao. Una miaka kumi na saba. Kuingia kwenye jaribio ni lazima uwe tayari umewahi kujamiiana, na uliyezungumza naye habari hizo ni mtu mzima mwenye fomu na kalamu. Kwa kuwa hujafika kumi na nane, mzazi naye anapaswa kuridhia. Kila baada ya miezi kadhaa unarudi, unachukuliwa sampuli kwa kijiti cha pamba, unapimwa, unaulizwa tena. Katikati ya hayo inaingia korona. Machi 2020 shule zinafungwa na kafyu inaanza, Aprili watu wanakatazwa kutoka na kuingia Nairobi, nauli ya matatu inapanda kwa kuwa abiria wamepunguzwa. Nani angewalaumu wangepotea?

Hawakupotea. Asilimia 98 walibaki kwenye jaribio. Wakati ule nilikuwa nashindwa kumtoa mwanangu wa kwanza nyumbani akanunue maziwa.

Matokeo ya miezi 18 yalitoka Aprili 2022. Miongoni mwa wale ambao mwanzoni hawakuwa na dalili yoyote ya aina ya 16 wala 18, maambukizi sugu mapya yalikuwa 38. Kati ya hayo, 36 yalikuwa kwenye kundi lililopata chanjo ya uti wa mgongo. Kwenye chanjo ya aina tisa, moja. Kwenye chanjo ya aina mbili, moja. Hiyo ni kinga ya asilimia 97.5, kwa sindano moja, kwa wasichana ambao tayari walikuwa wameanza kukutana na virusi. Baada ya miaka mitatu wakapimwa tena, na kinga haikuwa imeteremka.

Kuna atakayesema: maambukizi si saratani. Kweli. Lakini karibu saratani zote za aina hii hupitia kwanza kwenye maambukizi yanayogoma kutoka, na ukitaka kusubiri saratani yenyewe utasubiri ile miaka 15 hadi 20 huku ukiwanyima chanjo watu wa kulinganishia. Hakuna kamati ya maadili ingekubali. Ukiziba mlango wa kwanza, hakuna haja ya kwenda kuchungulia wa mwisho.

Kwa nini moja itoshe wakati chanjo nyingine za protini huhitaji kurudiwa? Jibu moja liko kwenye lile gamba. Protini ile ile imejipanga mara 360 kwa mpangilio wa karibu, na seli zinazotengeneza kingamwili, zile silaha za mwili za kunasa virusi, zikikutana na mpangilio huo hushtuka vibaya. Baadhi yake hugeuka kuwa seli za kudumu, hujificha kwenye uboho wa mifupa na kuendelea kutoa kingamwili mwaka baada ya mwaka. Kwa aliyedungwa mara moja kiwango ni cha chini kuliko cha aliyedungwa mara tatu, hilo halifichwi, lakini baada ya kushuka kidogo hutulia na kukaa palepale. Na HPV ni adui mwenye udhaifu wake. Haingii damuni. Hujificha kwenye ngozi nyororo ya juu ndiyo maana mwili humchelewa. Lakini ili aambukize lazima apate mchubuko mdogo, na hapo hapo kwenye mchubuko ndipo majimaji ya damu yenye kingamwili hutokea. Naye anaingia selini polepole, kwa saa kadhaa. Kingamwili kidogo tu zinamtosha.

Majirani zetu walichangia pia. Mwanza, Tanzania, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa wakapewa dozi moja, mbili au tatu, na damu zao zikaonyesha kwamba mwitikio wa dozi moja kwa watoto hauko nyuma ya ule uliowalinda wanawake wa Costa Rica na India. Utafiti ule ndio ulioziba pengo la umri, kwa maana wa KEN SHE walikuwa wakubwa kidogo kuliko watoto wanaochanjwa shuleni.

Sasa turudi kwenye makombo. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani liliandika rasmi kwamba dozi moja inakubalika kwa umri wa miaka 9 hadi 20. Australia ilihamia dozi moja Februari 2023. Uingereza, Septemba 2023. Nigeria ilianza chanjo hii kwa dozi moja Oktoba 2023, na Tanzania ikahama Aprili 2024. Kenya, iliyotoa wasichana na kliniki, ilifuata mwaka 2025. Kama ni makombo, basi watoto wa London walianza kuyala kabla ya wetu. Ushahidi ulipanda ndege kutoka Nairobi, ukazunguka dunia, na ukachukua zaidi ya miaka mitatu kurudi nyumbani. Hapo kwa kweli ndipo penye la kuuliza, na ningependa baba yule wa makombo atumie ukali wake hapo.

Ucheleweshaji huo haukuwa wa karatasi tu. Kenya ilizindua chanjo hii Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka kumi, dozi ya pili ikifuata baada ya miezi sita. Piga hesabu. Miezi sita kutoka Oktoba 2019 ni Aprili 2020, na shule zilikuwa zimefungwa. Kundi la kwanza kabisa lilikutana na mlango uliofungwa, na hata baadaye wengi hawakurudi kwa ya pili. Ratiba ya dozi mbili kwa mtoto anayehama shule kila kodi ya nyumba ikipanda ni ratiba ya mtu asiyeijua Nairobi.

Kuhusu hofu ya kufunga kizazi, siwezi kuicheka. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikipewa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikana. Mwaka 2019 chama cha madaktari Wakatoliki kikaipinga na hii ya HPV. Shosho aliyesikia hayo kanisani hayasahau kwa sababu ya tangazo la redio, na sidhani kumkaripia kunasaidia. Ninachoweza kumwambia ni kwamba chanjo hii imetumika tangu 2006, waliodungwa wakiwa wadogo sasa ni akina mama, na kwamba huko Scotland watafiti walichapisha Januari 2024 kuwa hawakupata hata mgonjwa mmoja wa saratani ya mlango wa kizazi miongoni mwa wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13. Hata mmoja.

Binti yangu alikuwa na homa siku ya chanjo shuleni, kwa hiyo nilimpeleka mwenyewe zahanati ya kaunti huku Eastlands. Chumba kidogo, dirisha moja, kalenda ya duka la dawa ukutani. Nesi alifungua kisanduku cha baridi, akatoa chupa, na kabla ya lolote akaigeuza akatazama kibandiko chake. Nikamwomba anionyeshe. Ni duara la rangi ya zambarau lenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chupa ni nzima. Joto likiipata, mraba hukolea, na ukifanana na duara, chupa inatupwa. "Na hii haipendi barafu pia, mama," akasema, "ikiganda imekufa." Akaitikisa, majimaji yakawa na ukungu mweupe uliotulia sawa, akaridhika. Bega la kushoto, sekunde mbili.

"Kaa hapo kidogo, mrembo, usiruke ruke," akamwambia. Dakika kumi na tano, kwa sababu wasichana wa umri huu huweza kuzimia, mara nyingi kwa woga tu. Binti yangu akauliza arudi lini kwa ya pili. "Hakuna ya pili. Utarudi ukiwa na mtoto wako."

Nilimuuliza yule nesi kama anajua utafiti wa dozi moja ulifanyiwa wapi. Alisema barua ya wizara ilisema Shirika la Afya Duniani. Simlaumu hata kidogo. Mabango ukutani yana picha ya msichana anayetabasamu na nembo nne au tano chini. Ningeongeza mstari mmoja tu: walioonyesha kwamba hii inatosha ni wasichana wa Kisumu, Thika na Nairobi. Nina hakika mstari huo ungetuliza wazazi wengi kuliko nembo zote.

Kuna mambo ambayo mama yule wa kundi anapaswa kuyajua ili asije akasema nilimficha. Dozi moja si ya kila mtu. Msichana anayeishi na HIV au mwenye kinga dhaifu kwa sababu nyingine anahitaji angalau mbili, na tatu ikiwezekana, kwa hiyo mzazi wa mtoto wa namna hiyo azungumze na kliniki yake bila kuona haya. Aliyevuka miaka 20 hupewa mbili. Na chanjo haitibu maambukizi yaliyokwishaingia, wala haizuii kila aina ya HPV, kwa hiyo akifika umri wa kupimwa itabidi apimwe kama wengine.

Jambo ambalo linatuleta kwetu sisi tuliozaliwa mapema mno. Mimi na dada yangu mkubwa hakuna chanjo iliyotungoja. Chetu ni uchunguzi, ama kwa kupakwa siki hafifu ambayo hugeuza sehemu iliyoharibika kuwa nyeupe, ama kwa kipimo cha HPV ambacho siku hizi mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti kile kile cha pamba. Nilipomtumia dada haya yote kwa ujumbe mrefu wa sauti, hakusikiliza hata nusu. Alinijibu kwamba yuko tayari Ijumaa, mradi nauli ni juu yangu na chai baadaye pia.